Kazi ya Herufi H: Vialama katika Tahajia ya Kiingereza

Mwishoni mwa karne ya 12, mashariki mwa Uingereza, mtawa mmoja aliyeitwa Orm alianza kutunga mahubiri kwa mistari ya mizani ili makasisi wawasomee waumini wasiojua Kilatini. Alihofia jambo moja, kwamba msomaji angetamka vibaya. Kiingereza cha siku zake kilikuwa na irabu fupi na irabu ndefu, na neno liliweza kugeuka maana kwa urefu wa irabu tu, lakini herufi za irabu za Kilatini hazikuionyesha tofauti hiyo. Orm akatunga dawa yake. Palipokuwa na irabu fupi iliyofungwa na konsonanti ndani ya silabi moja, konsonanti hiyo aliiandika mara mbili, hata jina la lugha yenyewe likawa Ennglissh. Juu ya baadhi ya irabu alichora pia vistari vya mshazari, kimoja, viwili, hata vitatu. Aliushika utaratibu huo kwa maelfu ya mistari bila kuchoka, na katika maneno yake ya mwanzo akamwusia yeyote atakayekinakili kitabu asiache hata herufi moja kati ya zile zilizoandikwa mara mbili. Nakala pekee iliyobaki, ambayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, ni ile aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kinaitwa Ormulum, kwa jina lake.

Ninaanza na Orm kwa sababu mkononi mwake zilikuwamo njia zote mbili ambazo Ulaya nzima ingezitumia baadaye. Alfabeti ikipungukiwa, mwandishi anaweza kuivika herufi alama ndogo, juu yake au chini yake, ili itoe sauti nyingine. Ndivyo walivyofanya Wafaransa kwa é na ç, Wajerumani kwa ü na Wacheki kwa č. Alama hizo nitaziita vialama. Njia ya pili ni kuichukua herufi nyingine ya kawaida, kuiweka katika mstari uleule, na kuipa kazi ya kumwelekeza msomaji namna ya kuisoma jirani yake, kama Orm alivyofanya kwa konsonanti zake pacha. Watu wengi, walimu wakiwamo, husema Kiingereza hakina vialama, na huyasema hayo kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa: lugha ya watu wa vitendo, isiyopenda mapambo. Maelezo hayo hayasimami. Kiingereza kilivihitaji vialama sawa na majirani zake, pengine kuwazidi. Kilichotokea ni kwamba kazi ya vialama ilikabidhiwa herufi za kawaida mapema mno, kabla wapiga chapa wa bara la Ulaya hawajasubu vialama vyao kwa risasi, na vialama vilipofika mlangoni kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Waingereza wa kabla ya mwaka 1066 hawakuwa wageni wa alama hizi. Wanakili wa nyumba za watawa mara nyingine waliweka kistari cha mshazari juu ya irabu ndefu, ingawa hawakufuata kanuni moja, na mstari wa bapa juu ya irabu ulimaanisha kwamba m au n imeachwa ili kuokoa nafasi kwenye ngozi ya kuandikia. Ile mistari ya bapa ambayo mwanafunzi wa leo huiona juu ya kila irabu ndefu katika vitabu vya Kiingereza cha Kale imewekwa na wahariri wa nyakati zetu. Mnakili wa karne ya 10 asingeitambua. Pale alfabeti ya Kilatini iliposhindwa kabisa, Waingereza wale walitafuta herufi mpya: þ waliichukua kutoka runi za wahenga wao, wakaongeza ð na æ. Kisha mwaka huo wa 1066 Wanormani wakaiteka nchi, na kalamu ikaangukia mikononi mwa watu waliozoea Kifaransa na Kilatini. Neno lililoandikwa cild likawa child, scip likawa ship, cwen likawa queen, hus likawa house. Herufi þ ikaanza kusukumwa pembeni na th.

Itazame h katika maneno hayo. Ndani ya child hakuna pumzi ya h hata kidogo. Herufi ile imesimama pale kumwonya msomaji asiisome c kama alivyoizoea, nayo hufanya vivyo hivyo ndani ya ship na ndani ya th. Hiyo ni kazi ya kialama, ileile ambayo Mcheki huikabidhi alama yenye umbo la v juu ya herufi yake. Kwa nini h, isiwe herufi nyingine? Kwa sababu haikuwa na kazi. Katika matamshi ya Kilatini cha zama hizo na ya lugha zilizotokana nacho, sauti ya h ilikuwa imekwisha kufa huku umbo lake likiendelea kuandikwa, na Warumi wenyewe walikuwa wameitumia zamani katika ch, th na ph ili kuonyesha sauti za maneno ya Kigiriki. Mnakili aliyetafuta alama aliikuta herufi iliyokaa bure, akaiajiri. Sioni upungufu wowote wa akili katika uamuzi huo. Ulikuwa werevu wa mtu anayetumia alichonacho.

Kuna kialama kimoja tu kilichoingia katika Kiingereza kikabaki katika kila ukurasa, nacho kimezoeleka kiasi kwamba hatukioni tena: nukta ya i. Katika mwandiko wa enzi zile, herufi i, n, m na u zilijengwa kwa kijiti kilekile kifupi kilichorudiwa. Neno la Kilatini minimum lilikuwa safu ya vijiti 15 vilivyofanana, na msomaji alilazimika kuvihesabu. Wanakili wakaanza kuweka kistari chembamba juu ya i ili ionekane, na kistari hicho baadaye kikasinyaa kuwa nukta, ambayo j nayo iliirithi. Waingereza hawakuishia hapo. Mahali ambapo u ilikaa karibu na m, n au v, ambayo nayo iliandikwa kwa umbo la u, walibadili u kuwa o ili jicho lipate pa kutua, na ndiyo sababu wanaandika son, come na love kwa o huku wakitamka kitu kingine. Mfano huu mdogo una uzito mkubwa. Tatizo lilikuwa moja, la vijiti kuchanganyika. Suluhisho la kwanza lilikuwa alama juu ya herufi, la pili lilikuwa kubadili herufi yenyewe hata kama sauti ingepotoshwa. Kiingereza kilipopewa nafasi ya kuchagua, mara nyingi kilichagua la pili.

Mwaka 1476 William Caxton, aliyejifunza uchapaji Cologne na kuufanyia kazi Bruges, alifungua matbaa yake Westminster. Herufi za risasi alizokuja nazo zilitoka Flanders, ambako hakuna aliyekuwa na haja ya þ, na katika miongo iliyofuata herufi hiyo ikafifia kabisa katika chapa. Iliposalia, ilichapwa kwa umbo la y. Hapa ndipo hoja ninayoitetea inapokutana na pingamizi lake la kwanza. Husemwa kwamba Kiingereza kilikuwa na vialama kwa njia ya Kifaransa, kwa kuwa maelfu ya maneno yake yametoka huko, na kwamba Waingereza waliyavua maneno hayo mavazi yake. Tarehe zinakataa. Sehemu kubwa ya maneno ya Kifaransa iliingia katika Kiingereza kabla ya mwaka 1400, na Kifaransa cha wakati huo kiliandikwa bila vialama. Geoffroy Tory alipendekeza vialama kwa Kifaransa katika kitabu chake Champ Fleury mwaka 1529, na Robert Estienne, mpiga chapa wa Paris, akaanza kutumia é katika miaka iliyofuata mara moja. Caxton alikuwa amekufa tangu karne iliyotangulia. Waingereza hawakumvua mtu nguo. Walimpokea mgeni kabla hajashonewa kanzu.

Ushahidi wa jambo hili unaweza kusomwa katika maneno yenyewe. Mfaransa wa leo huandika forêt, hôpital na fête, na ile kofia juu ya irabu ni kaburi la s iliyotoweka. Mwingereza huandika forest, hospital na feast, na s yake ingali hai, inaandikwa na kutamkwa, kwa kuwa aliyapokea maneno hayo kabla s haijanyamazishwa. Akademia ya Kifaransa ilikubali kwa jumla kuiondoa s hiyo na kuweka kofia katika kamusi yake ya mwaka 1740. Kofia ile, basi, inatunza kumbukumbu ambayo Kiingereza kinaitunza kwa herufi nzima.

Haikuwa kwamba hakuna Mwingereza aliyejaribu. Nusu ya pili ya karne ya 16 ilijaa watu waliotaka kuirekebisha tahajia, na karibu wote walinyoosha mkono kuelekea vialama. Sir Thomas Smith, msomi wa Kigiriki aliyepata kuwa mmoja wa mawaziri wa Malkia Elizabeth, alichapisha kitabu kwa Kilatini mjini Paris mwaka 1568 na kupendekeza alama juu ya irabu ndefu pamoja na herufi mpya kadhaa. Mwaka uliofuata John Hart akaja na nukta chini ya irabu kuonyesha urefu. Mwaka 1580 mwalimu William Bullokar akaingia na mpango wa tatu. Yeye aliziheshimu herufi zilizozoeleka asizifukuze, lakini akazipamba kwa mikia, vistari na ritifaa hadi ukurasa ukafanana na shamba lililotambaliwa na sisimizi. Mtu huyu anastahili heshima kuliko anayopewa. Aliamini mpango wake kiasi cha kuchapisha hadithi za Esopo kwa tahajia hiyo mwaka 1585, na mwaka 1586 akatoa sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapwa, kwa vialama vilevile.

Aliyewashinda alikuwa mwalimu mwenzao. Richard Mulcaster, mkuu wa shule ya Merchant Taylors mjini London, alichapisha kitabu chake cha malezi ya awali ya elimu mwaka 1582, na ndani yake akaeleza kwa mfano wa utawala kwamba Sauti ilipotawala tahajia peke yake kama mfalme, mambo yaliharibika, ikabidi Akili na Mazoea waketi naye barazani. Mulcaster hakuiona tahajia ya Kiingereza kuwa takataka ya kufagiliwa. Aliona ndani yake kanuni zilizokwisha kuota zenyewe, akaamua kuzipalilia, akatoa pia orodha ya maelfu ya maneno kwa namna alivyotaka yaandikwe. Kanuni aliyoitilia nguvu kuliko zote ilikuwa e ya mwisho wa neno. Zamani e hiyo ilitamkwa. Name lilikuwa neno la silabi mbili. Sauti yake ilipokufa, umbo likabaki ukutani kama msumari usiotundikwa kitu, na waandishi wakagundua kwamba maneno mengi yaliyobaki na e hiyo yalikuwa na irabu ndefu kabla ya konsonanti. Basi e iliyokufa ikawa alama: weka e mwishoni mwa hat upate hate, mwishoni mwa bit upate bite. Kama h ilivyookotwa na wanakili baada ya kupoteza sauti yake, e nayo iliokotwa na walimu. Na dawa ya Orm haikufa kama kitabu chake kilivyosahaulika, kwani mpaka leo konsonanti pacha ndiyo inayotenganisha hopping na hoping, dinner na diner. Katika miaka ambayo Smith, Hart na Bullokar walikuwa wakibuni vialama, kazi waliyotaka kuvipa ilikuwa tayari inafanywa, kwa kasoro nyingi lakini bila gharama, na herufi ambazo kila mpiga chapa alikuwa nazo sandukuni.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema kwamba Kiingereza kwa asili yake hakiwezi kubeba vialama: irabu zake ni nyingi, zimehamahama kati ya miaka ya 1400 na 1700, na alama zingekuwa lukuki. Jibu liko Prague. Mwanzoni mwa karne ya 15 Wacheki nao waliandika kwa herufi za kuungana, cz kwa sauti ya ch na nyinginezo, na mambo yakawa ya fujo kama London. Andiko la Kilatini ambalo kwa kawaida huhusishwa na Jan Hus, yule mwanamageuzi wa dini aliyechomwa moto mwaka 1415, likapendekeza nukta juu ya konsonanti badala ya herufi mbilimbili, na kistari juu ya irabu ndefu. Nukta ikageuka kuwa alama ya v, na pendekezo la mtu mmoja likakomaa kuwa tahajia ya taifa. Wapolandi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kicheki, walibaki na cz na sz zao hadi leo. Kama asili ya lugha ndiyo inayoamua, ndugu hawa wawili wangeandika namna moja. Kivietinamu, chenye irabu nyingi na toni juu yake, kimevaa vialama tangu wamisionari wa karne ya 17, na mmoja wao, Alexandre de Rhodes, alichapa kamusi yake mjini Roma mwaka 1651. Asili ya lugha haiamui. Kinachoamua ni nani alifika kwanza na kwa chombo gani. Na kama vile historia ilitaka kutuachia kielelezo, Waingereza wanaliandika jina la Wacheki kwa tahajia ya Kipolandi, Czech, kwa herufi mbili ambazo Wacheki wenyewe waliziacha zamani.

Wengine huilaumu mashine. Taipureta ya Remington iliyoanza kuuzwa mwaka 1874 haikuwa na vialama, wasema, na ikawafundisha watu kuviacha. Lakini mashine ilikuta desturi ya miaka 400. Wafaransa na Wajerumani walipoagiza taipureta zao walidai vibonye vyao wakapewa, kikiwamo kibonye cha kofia ambacho hupiga alama bila kusogeza karatasi ili herufi ipigwe chini yake. Kompyuta inatoa ushahidi wa kusikitisha zaidi. Orodha ya herufi iitwayo ASCII, iliyotoka Marekani mwaka 1963 ikiwa na nafasi 128 tu, ilipopanuliwa mwaka 1967 iliwekewa kofia, kiwimbi na kistari cha mshazari kwa nia, pamoja na matumizi mengine, kwamba mtu angerudi nyuma hatua moja na kuipiga alama juu ya herufi. Skrini zikaja, ambazo herufi moja haikai juu ya nyingine, na alama zile zikabaki yatima kwenye kibodi mpaka waandishi wa programu walipozipa kazi za hesabu na anwani. Mashine haikuviua vialama vya Kiingereza. Ilivikuta havina mlezi.

Hata hivyo vialama vipo katika Kiingereza, na pingamizi zito kuliko yote ni hili, kwamba mwandishi anayedai havikupata kazi hana budi kueleza naïve, Brontë, learnèd na coöperate. Kwa miaka mingi jibu la kawaida limekuwa kwamba ni wageni. Kuna ukweli ndani yake. James Murray, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, aliweka mistari miwili ya wima mbele ya kila neno ambalo aliona halijapata uraia, na mengi kati ya hayo yalikuwa na vialama. Brander Matthews, profesa wa Kimarekani, aliandika mwaka 1921 katika mfululizo wa chama cha kutetea usafi wa Kiingereza akihimiza maneno ya Kifaransa yaingizwe kikamilifu katika tahajia ya Kiingereza. Kialama kikawa kama pasipoti: neno likishapata uraia linakirudisha. Role liliandikwa rôle, na hotel kuna waliolivika kofia pia.

Lakini ugeni hauelezi kwa nini vingine havirudishwi. Vikusanye vile vilivyokaidi na uvitazame kwa pamoja, utaona mwelekeo ambao, kwa maoni yangu, ndio kiini cha suala zima. Nukta pacha juu ya e ya Brontë inamkataza msomaji kuinyamazisha e hiyo. Patrick, baba wa Charlotte, Emily na Anne, alitoka Ireland na jina lililoandikwa Brunty au Prunty, na baada ya kuingia Cambridge mwaka 1802 akaanza kuelekea tahajia hii yenye alama. Kistari katika learnèd kinaiambia e isife, ili mstari wa ushairi upate silabi yake. Maté, jina la kinywaji cha majani cha Amerika Kusini, limepewa kistari na Waingereza ambacho Wahispania wenyewe hawakiandiki, ili lisisomwe kama neno mate la Kiingereza. Katuni za Kijapani za Pokémon zilipopelekwa Marekani, jina lao lilipewa kistari kwa sababu hiyohiyo. Résumé hushikilia walau kistari chake cha mwisho ili isigeuke kuwa kitenzi resume. Nukta pacha za naïve zinazuia a na i zisiungane kuwa sauti moja, na zile za coöperate, ambazo jarida The New Yorker, lililoanzishwa mwaka 1925, linaziandika hadi leo, zinazuia o mbili zisisomwe kama katika moon. Katika kila mfano kialama kinafanya kazi moja: kuizima alama ya herufi. Msomaji wa Kiingereza amefundishwa kwamba e ya mwisho imekufa na kwamba irabu mbili zikikaa pamoja zinaungana. Siku sheria hiyo isipotakiwa kufuatwa, hakuna herufi inayoweza kusema hivyo, na hapo ndipo kialama huitwa. Wafaransa hutumia vialama hasa kuonyesha sauti. Waingereza hutumia vialama, vichache na kwa shingo upande, kuzitengua alama walizozijenga ndani ya mstari. Nukta pacha ya ice cream ya Häagen-Dazs, jina lililobuniwa New York kwa sura ya Kidenmaki ilhali Kidenmaki hakina ä, ni pambo tupu na haikai katika hesabu hii. Haimwelekezi msomaji kwa lolote.

Linabaki pingamizi ambalo sitalipuuza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vialama hufunga tahajia kwa lafudhi. Neno bath la mtu wa kusini mwa Uingereza lina irabu ndefu, la mtu wa kaskazini lina fupi; ukiweka alama umechagua upande. Tahajia isiyo na alama inawatosha wote wawili, pamoja na Mskoti na Mmarekani. Hata hivyo faida hiyo ilionekana baada ya uamuzi, haikuwa sababu yake, maana Hart na Bullokar waliandika kabla Kiingereza hakijavuka Atlantiki kwenda kukaa. Tena hitaji la kuonyesha sauti halikutoweka. Lilihamia kwenye kamusi. Samuel Johnson mwaka 1755 aliweka alama ya mkazo katika vidahizo vyake. John Walker mwaka 1791 alipandisha tarakimu ndogo juu ya irabu. Noah Webster, ambaye mwaka 1789 alishauri Wamarekani waongeze vistari na nukta juu ya herufi za kila siku, alipokosa wafuasi aliviingiza vialama katika kamusi yake ya mwaka 1828, na kamusi nyingi za Marekani zinaonyesha irabu ndefu kwa mstari wa bapa hadi sasa. Mzungumzaji wa Kiingereza anaviona vialama kila anapofungua kamusi na kuviacha humo anapoifunga. Desturi hiyo ilikuwa imeingia ndani kiasi kwamba George Bernard Shaw, adui mkubwa wa tahajia ya Kiingereza, aliyefariki mwaka 1950 na kuacha fedha kwa ajili ya alfabeti mpya, aliagiza katika wosia wake iwe alfabeti isiyotumia makundi ya herufi wala vialama. Alitaka kila kitu kibadilike, isipokuwa ile desturi ya kukwepa vialama.

Kwa msomaji wa Kiswahili historia hii si ya mbali. Aliyesoma chuoni anajua kwamba katika hati za Kiarabu irabu fupi zote hukaa juu au chini ya herufi, kwa fatha, kasra na dhumma, na tenzi za pwani ziliandikwa hivyo kwa karne nyingi. Herufi za Kilatini zilipokuja, njia zilikuwa zaidi ya moja. Karl Richard Lepsius wa Berlin alikuwa ametoa katikati ya karne ya 19 alfabeti ya lugha zote iliyojaa vialama, na vyama vya wamisionari viliiunga mkono. Wajerumani waliandika Kilimandscharo. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kuchapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, aliamua konsonanti zisomwe kama za Kiingereza na irabu kama za Kiitalia. Kwa uamuzi huo ile h iliyookotwa na wanakili wa Kinormani ilivuka bahari: ipo katika chai, katika shule, katika thamani, ikifanya kazi ileile ya kuigeuza herufi iliyotangulia. Kiswahili sanifu kina alama moja tu isiyo herufi, ritifaa ya ng'ombe, na imewekwa pale kwa sababu ng ya ngoma ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi. Nayo ni alama ya kutengua.

Kikuyu kilifuata njia nyingine. Kina irabu saba, na mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, ambazo si i na u zilizopambwa bali sauti nyingine kabisa. Mwandishi wa Weep Not, Child alichapwa mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Baadaye majalada yakaandika Ngugi wa Thiong'o, yakiwa na ritifaa pekee, na baadaye zaidi Ngũgĩ wa Thiong'o, na jina likatimia. Viwanda vya uchapaji vya London na New York vilijifunza kukiandika kiwimbi kile polepole sana, na ninaona ilikuwa deni, kwa kuwa mtu anayeandika jina la mwenzake kwa irabu zisizo zake ameandika jina la mtu mwingine. Katika alfabeti ya Kiingereza hakuna h wala e wala konsonanti pacha inayoweza kuifanya kazi ya ũ.